Nyani mchana, nguruwe usiku: nichukue bunduki gani na risasi gani?

Swali limetoka kwa mkulima wa Kiryandongo, Uganda, nalifupisha: "Mzee habari ya kazi. Nalima mahindi na soya ekari 40 huku kwetu, si mbali na Bweyale. Mchana nyani na tumbili wananimaliza, usiku wanaingia nguruwe pori. Nataka kuomba leseni ya bunduki. Nimesoma sana mambo ya Wamarekani, wao kwa wanyama waharibifu wanasifu .204 Ruger na .22-250, wengine .223. Mimi nichukue gani? Halafu marehemu mjomba aliacha .22 hapa nyumbani, siwezi kuanza na hiyo tu?"

Ndugu yangu pole sana na hasara, mahindi yakishaanza kukomaa ukapoteza mistari miwili mitatu kwa usiku mmoja hiyo ni ada ya mtoto imeenda. Nikupe jibu kwanza halafu maelezo yafuate. Kama utapewa leseni ya bunduki moja, na shamba lako lina mahali risasi inaweza kufia kwenye udongo, omba .243 Winchester ya bolti, ya kukoki kwa mkono (namba hizi zinaonyesha takriban upana wa risasi kwa sehemu za inchi). .204 na .22-250 achana nazo kabisa. Na kama shamba limezungukwa na nyumba za watu kila upande basi hata hiyo .243 iache, chukua shotigani, nitakwambia kwa nini.

Sasa hao Wamarekani. Hawadanganyi, ila wanaongelea wanyama wengine. Yule mnyama wao mkuu wa kupigwa kwa hizo risasi anaitwa prairie dog, jina lina mbwa lakini ni wa jamii ya panya na kindi, anachimba mashimo kwenye mbuga za magharibi mwa Marekani na uzito wake ni kama kilo moja tu. Mwingine ni groundhog, kilo 2 mpaka 6 hivi. Mkubwa wao ni coyote, huyo mchukulie kama bweha, kilo 10 mpaka 20. Wanawapiga mahali peupe, majani mafupi, mita 200, mita 300, shabaha ndogo kama chupa ya soda imesimama. Kwa kazi hiyo unataka risasi yenye kasi ya ajabu ili isidondoke njiani, na unataka kichwa cha risasi (kile kipande kinachoruka) chepesi, chenye ngozi nyembamba ya shaba ambacho kikigusa tu kitu kinapasuka vipande vipande, kisiruke kwenda kwa jirani. .204 Ruger ilitoka 2004 kwa kazi hiyo hiyo, kichwa chake cha gramu 2 kinatoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 1,280 kwa sekunde. .22-250 ambayo Remington waliifanya rasmi 1965 inasukuma gramu 3.6 kwa mita kama 1,120 kwa sekunde. Ni risasi nzuri sana kwa kilo moja ya nyama.

Wako wewe ni hawa: tumbili kilo 4 mpaka 6, nyani jike kama 15, nyani dume 25 na kuendelea, na nguruwe pori kuanzia 55 mpaka zaidi ya 100. Tofauti ya kilo 1 na kilo 80 ndiyo inabadilisha hesabu yote.

Nguruwe pori ukimwona amelala chini baada ya kupigwa, mguse begani. Kwanza kuna manyoya magumu, chini yake tope lililokauka na kushikana na ngozi kama plasta, halafu ngozi yenyewe nene, ndipo msuli wa bega na mfupa mpana. Ile risasi nyepesi ya Wamarekani ikifika hapo inafanya kazi iliyotengenezewa, inapasuka. Inapasukia kwenye ngozi na msuli wa juu, inaacha kidonda kikubwa cha kutisha kwa macho na ndani mapafu ni mazima. Nguruwe anaondoka mbio, anaingia matete, anakufa baada ya siku tatu nne za mateso au anapona akiwa na hasira, na asubuhi mama fulani anayeenda kuchota maji anakutana naye kwenye njia nyembamba. Hiyo mimi siwezi kukushauri. Mnyama ni mharibifu kwako sawa, lakini bado anastahili kufa kwa risasi moja, na jirani zako wanastahili kupita njia yao salama.

Kwa hiyo kabla ya kaliba angalia kichwa cha risasi. Kuna zile zilizofunikwa shaba nzima mpaka puani, za kijeshi, zinatoboa na kupita bila kupanuka, zinajeruhi na zinaendelea na safari, hizo kwa shamba hapana. Kuna za kupasuka za Wamarekani, nimeshaziongelea. Na kuna zile za pua laini, madini laini ya risasi yanaonekana mbele na shaba nene imeshika nyuma, inaingia, inapanuka kama mara moja na nusu au mara mbili ya upana wake, inaenda mpaka moyoni. Hiyo ndiyo yako. Ukienda dukani useme hivyo wazi, pua laini ya kuwindia, usikubali "zote ni sawa tu", haziko sawa.

.223 Remington je? Ni risasi nzuri, iko sokoni tangu 1964, gramu 3.6 kwa mita kama 990 kwa sekunde, haipigi bega lako, haili mtutu haraka, na kwa sababu ni ndugu wa risasi ya kijeshi ya 5.56 inapatikana nchi nyingi. Kama shida yako ingekuwa nyani na tumbili peke yao ningekwambia chukua .223 na pua laini, tumemaliza. Kwa nyani dume mita 150 inatosha kabisa. Lakini umesema nguruwe, na nguruwe kwa .223 inataka mtu mwenye mkono uliotulia sana anayejua kusubiri mnyama asimame vizuri, na wewe unaanza. Sikupi bunduki ya kukulazimisha usikosee hata sentimita tano.

Ndiyo nafika kwa .243. Hii Winchester waliitoa 1955, wakachukua ganda la .308, risasi kubwa zaidi ya kuwindia, wakalibana shingo kushika kichwa cha milimita 6.2. Uzuri wake ni kwamba imekaa katikati. Inabeba kichwa chepesi cha gramu 3.6 kama ya nyani tu, na inabeba kichwa cha gramu 6.5 kinachotoka kwa mita 900 kwa sekunde, na hicho cha pili nguvu yake mtutuni ni kama jouli 2,600, wakati .223 ni 1,700 na kitu. Cha gramu 6.5 chenye pua laini kinamweka nguruwe chini na kwa nyani pia kinafanya kazi, kinazidi kidogo lakini hauli nyani. Tena teke lake ni dogo kuliko .308, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu mpya kwa sababu anayeogopa teke anafumba macho na kuvuta triga kwa nguvu, risasi inaenda pembeni. Chagua aina moja ya risasi, hiyo ya gramu 6.5, ukae nayo. Usibadilishe badilishe kichwa chepesi leo kizito kesho, kila kimoja kinapiga mahali pake na utakuwa unaziro upya (kurekebisha darubini ya bunduki ili risasi ipige pale unapolenga) kila wiki wakati leseni yako imeandika idadi ya risasi unayoruhusiwa, na huku kwetu mambo ya kujaza maganda nyumbani kama wafanyavyo Ulaya na Marekani usiyategemee.

.308 inaua nguruwe vizuri zaidi, siwezi kukataa. Ila kwa shamba lenye watu karibu ni nyingi mno.

Na hapa tukae kidogo, kwa sababu watu wakiongea bunduki wanaongea mnyama tu, nyuma ya mnyama hawaangalii. Risasi ndogo ya .22, hii ya mjomba, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. .223 inafika kilomita 3. .308 inapita 4. Sasa Bweyale na kambi yake ya wakimbizi, watu wamejaa, boda zinapita kila kichochoro, watoto wanakata shamba lako kwenda shule. Nyani akipanda juu ya mwembe ukampiga na ukamkosa, au hata ukampata na risasi ikapita, nyuma yake ni anga, na ile risasi itashuka mahali ambapo wewe huoni wala hujui. Mnyama aliye juu ya mti au juu ya kilima na mbingu nyuma yake hapigwi kwa bunduki hizi. Hata kama amekuudhi mwezi mzima. Hapigwi.

Hesabu ni rahisi tu. Ukisimama chini shambani, bunduki iko kama mita moja na nusu juu ya ardhi, nguruwe yuko mita 80, kifua chake sentimita 40 kutoka chini. Risasi ikipita mwilini mwake itagusa udongo karibu mita 30 nyuma yake, tena kwa mlalo mdogo sana, ikikuta jiwe au murram ngumu inaruka. Ukiwa umelala kifudifudi ni mbaya zaidi, inakwenda karibu sambamba na ardhi. Lakini ukijenga uchanja wa miti, ukakaa macho yako yakawa mita tatu na nusu juu, risasi hiyo hiyo inagonga udongo mita 10 tu nyuma yake, na inaingia kwa kushuka. Kwenu kuna vichuguu vikubwa, kichuguu kikiwa nyuma ya mahali wanapoingilia nguruwe ni ukuta wa bure. Kwa hiyo kabla hujajaza fomu hata moja, tembea shamba lako mzunguko mzima mchana, simama kila mahali nyani anapotokea, angalia nyuma yake kuna nini mpaka upeo wa macho. Weka alama kwenye miti: hapa napiga, hapa sipigi. Ukikuta sehemu za "sipigi" ni nyingi kuliko za "napiga", jibu langu linabadilika na kuwa shotigani ya kaliba 12. Marisau makubwa yanafanya kazi mpaka mita 30 hivi, usizidishe, na yakikosa hayaendi mbali kama risasi ya bunduki, ni mita mia kadhaa siyo kilomita. Itabidi umsogelee mnyama au umsubiri mlangoni pake, ni kazi zaidi, lakini utalala usingizi.

Bunduki yenyewe sina mengi. Bolti, mtutu wa kawaida wa sentimita 55 mpaka 60. Ile mitutu minene mizito ni ya mtu anayekaa mezani anapiga risasi nyingi mfululizo kwa wale wanyama wa mashimoni, wewe utatembea mistari ya mahindi na koti la mvua. Mizunguko ya ndani ya mtutu kwa .243 ukute mmoja kwa kila inchi 10, hiyo inashika kichwa cha gramu 6.5 vizuri. Ikiwa ya mkono wa pili chukua tochi ndogo, toa bolti, chungulia kutoka nyuma: mifereji iwe na kingo kali zinazong'aa mpaka mwisho, ukiona pale mwanzoni mbele ya chemba imekuwa kijivu na imepasuka pasuka kama tope la bwawa lililokauka, mtutu umeliwa na moto, mwachie mwenyewe. Angalia na mdomo wa mtutu, ukiwa umegongwa hata kidogo bunduki haitapiga sawa. Vuta triga bila risasi, sukuma bolti kwa nguvu sefti (kizuizi cha triga) ikiwa imewekwa, isifyatuke.

Skopu, yaani darubini ya bunduki, ya kukuza mara 3 mpaka 9 inatosha, na pesa nyingi iende kwenye kioo na vishikio, siyo kwenye ukuzaji. Skopu ya bei ya chini kwenye bunduki nzuri inakuangusha, inahama baada ya barabara ya Masindi Port mara mbili. Kuziro ufanyie mahali polisi wameruhusu, tandika gunia la mchanga mbele na soksi iliyojaa mchele chini ya kitako, piga tatu, angalia katikati ya hizo tatu, ndipo uzungushe. Usizungushe baada ya risasi moja. Ziro mita 150. Hapo kwa .243 ya gramu 6.5 mita 100 itakuwa juu kama sentimita 2 na mita 200 chini kama 6, maana yake mpaka 180 unalenga pale pale unapotaka bila hesabu. Zaidi ya 200 kwa mtu anayeanza naomba uache.

Kwenye nguruwe unapotaka ni chini kuliko watu wanavyodhani. Moyo na mapafu yake yamekaa chini na mbele, kati ya miguu ya mbele. Akisimama ubavu fuata mstari wa nyuma ya mguu wa mbele upande mpaka theluthi ya kwanza ya mwili, hapo. Ukilenga katikati ya mwili kama unavyoona kwenye picha utapiga tumbo au juu ya mgongo. Na usiku usipige kwa sababu majani yametikisika. Tochi iwake, umwone mzima, kichwa na miguu, ujue siyo ng'ombe wa jirani wala mtu anayeiba mahindi. Mtu anayeiba mahindi naye anainama.

Mambo ya sheria hayakwepeki na nakuomba usiyafanye nusu. Leseni ya bunduki inaanzia kwa LC1 wako, mwenyekiti wa kijiji, inapanda polisi ya wilaya, mpaka makao makuu ya polisi Naguru, Kampala, kwa IGP, mkuu wa polisi, na watauliza unamweka wapi huyo mnyama wa chuma usiku, kwa hiyo kabati la chuma lililofungwa ukutani liwe tayari kabla hawajaja kukagua. Lakini leseni hiyo ni ya kuwa na bunduki, haikupi ruhusa ya kuua mnyama yeyote. Wanyama waliohesabiwa waharibifu hapa Uganda kwa miaka mingi ni hao wako watatu, nyani, tumbili na nguruwe pori, na kazi ya kuwadhibiti iko chini ya wilaya pamoja na UWA, mamlaka ya wanyamapori. Nenda sabkaunti, nenda wilayani kwa ofisa wa wanyama waharibifu, pata ruhusa kwa maandishi inayosema mnyama gani, wapi, mpaka lini. Usichanganye na uwindaji wa kitalii uliopigwa marufuku 1979 ukarudi kwa majaribio 2001 kule Ziwa Mburo, ule una makampuni na vibali vyake vingine. Tena waulize kama wana askari wa wanyama waharibifu anayeweza kuja kwako, maana hilo linaweza kukuokoa gharama yote hii.

Na uwajue wanyama. Kwenu huko mnapakana na hifadhi ya Karuma, na upande wa Budongo na Hoima sokwe wanatoka msituni kula ndizi na mapapai ya watu. Sokwe kwa mbali jioni ndani ya mahindi mtu mwenye haraka anaweza kumwita nyani dume. Mwangalie: sokwe hana mkia, nyani ana mkia uliokunjika kama umevunjika karibu na mwanzo. Mbega naye yule mweusi mweupe hana kesi na wewe. Sheria ya wanyamapori ya 2019 kwa mnyama aliye hatarini kutoweka inafika faini ya shilingi bilioni 20 au kifungo cha maisha. Usipoona mkia usiguse triga.

Jambo lingine nyani siyo wajinga. Ukipiga mmoja leo kesho wataangalia nani ameshika fimbo na nani ameshika bunduki, na watakuja upande ambao haupo. Bunduki inafanya kazi pamoja na walinzi wa shamba, mbwa, na kufyeka mita 20 au 30 kati ya kichaka na mstari wa kwanza wa mahindi ili wasitokee ghafla. Ukiweza panda pilipili ukingoni badala ya mahindi. Bila hivyo utanunua risasi kila msimu na mahindi yatapungua vile vile.

Sasa hiyo .22 ya mjomba. Leseni ilikuwa ya jina lake na hairithiwi pamoja na mabati, kwa hiyo kila siku inayokaa hapo nyumbani wewe ndiye unayeshikwa nayo. Usiitoe kujaribu, usimpe binamu akutunzie. Nenda kwa LC1 na barua ya kifo, muende wote polisi, waambie iko wapi, wao watakuelekeza namna ya kuipeleka, watakupa karatasi ya kuipokea, itunze hiyo karatasi. Baadaye ukiiomba kwa jina lako wakakukubalia, ujue kazi yake: kichwa gramu 2.6, nguvu jouli kama 190, yaani chini ya moja ya kumi ya .243. Ni ya ndezi wanaokata miwa, mita 50, ametulia, kichwani. Nyani dume kwa .22 utamjeruhi tu, na nguruwe usimwoneshe kabisa. Kama huna shida ya ndezi, iache huko polisi na uweke pesa yako kwenye skopu.